Mwaka Tuliomnyamazisha Belle-mère

Ujumbe wa Trésor ulinifikia nikiwa darasani, nikiwaonyesha vijana jinsi ya kushika chuma cha kulehemu bila kujichoma. Aliandika: "Papa Mwilambwe ametutoka. Matanga iko Katuba, palepale nyumbani." Niliusoma mara mbili, nikailaza simu kifudifudi juu ya meza, nikaendelea na somo mpaka mwisho, maana ndivyo nilivyo: jambo likinipiga, kwanza namaliza nilichokuwa nacho mkononi. Vijana walipotoka ndipo nilipoketi na kuusoma tena. Watu husema dereva mzee aliyekatwa mguu, aliyekaa miaka mingi barazani akitazama magari ya wenzake, akifa amepumzika. Mimi sikuwa na haki ya kusema hivyo. Nyumba ile nilikuwa sijaikanyaga tangu mwaka ule uishe, na nikipita mtaa wa Katuba kwa shughuli zangu nazunguka barabara tatu nzima nisione lango lake la bluu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwaka wa mwisho wa polytechnique, kitivo cha uhandisi, mwanamke peke yangu katika kundi letu, na kiburi changu hakikutosha mlangoni. Msimamizi wetu alikuwa chef de travaux, yaani mwalimu ambaye bado hajawa profesa na hasahau hata siku moja kwamba bado hajawa. Sote tulimwita CT, kana kwamba hakubatizwa. Alitaka kujua madereva wa mabasi madogo ya barabara ya Likasi wanaendeshaje wakishavuka mwendo wa kawaida: wapi wanakanyaga, wapi wanashika breki, wanayapita vipi malori ya madini. Vyombo vya kupimia vitu hivyo viliuzwa Ulaya kwa bei ambayo kitivo chetu hakikuthubutu hata kuiulizia, basi tukavitengeneza wenyewe. Tulipewa chumba kilichokuwa stoo ya chaki na viti vilivyovunjika, na chaki ile ilikuwa bado hewani. Ukila mkate humo unausikia kwenye meno. Trésor, mwenzangu wa memwari, ile tasnifu ya kumalizia chuo, alizunguka kwa mafundi wa simu sokoni akirudi na betri za simu zilizokufa. Mimi nililehemu. Kila chombo kilikaa ndani ya kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni ya kuogea: kihisi cha mtikisiko, kipokezi cha satelaiti kidogo kama biskuti, na kadi ya kumbukumbu ya kuandikia kila kitu. "Bazungu bakiona hii, bataomba kazi kwetu," Trésor alisema siku cha kwanza kilipowaka. Nilicheka mpaka nikaunguza kidole.

Kile cha kwanza kilikuwa na kitu ambacho vingine vinne havikuwa nacho. Kwa kuwa hatukuwa na kompyuta ya kubeba garini, nilikitia kengele ndogo niliyoitoa kwenye saa ya mezani, ili tukiwa barabarani tujue kinafanya kazi: gari likifika kilomita themanini kwa saa kinalia mara moja, likivuka tisini kinalia bila kukoma. Ilikuwa ya majaribio tu. Lakini tulikifunga kwenye basi la Papa Mwilambwe, dereva wa kwanza aliyekubali, na tulipotaka kuitoa kengele alikataa. Basi lake lilikuwa limetoka Japani likiwa na safari nyingi mwilini, na mshale wa mwendo kwenye dashibodi ulikuwa umelala sifuri tangu siku alipolipokea. Alikuwa akiendesha kwa sikio, kwa kusikiliza injini. Sasa alipata mtu wa kumwambia. Alikanyaga mpaka kengele iseme, kisha akainua mguu kidogo, na hivyo hivyo mpaka Likasi. Alikiita kisanduku Belle-mère, mama mkwe, kwa sababu kilikuwa kinamgombeza mbele za watu naye hana la kujibu.

Utani ule aliuchukua kwa uzito wake wote, kama watu wa kwao wanavyouchukua ukwe. Mwanamume hakai meza moja na mama mkwe, hamtazami usoni, hagusi kitu chake. Basi Papa Mwilambwe alikifunika kisanduku kwa kipande cha kitenge, chini ya dashibodi upande wa abiria, na hakukigusa kamwe. Tulipofika kwake Jumamosi kusoma kadi, aliegesha basi uani, akatukabidhi ufunguo, akageuka akatupa mgongo. "Miye siwezi angalia," alisema. "Mama mukwe banamuvua nguo, mukwe anasimama pale? Haya kabisa." Abiria nao wakaujua mchezo. Kengele ikilia, mtu nyuma anasema, "Papa, Belle-mère analalamika," na basi zima linacheka, naye anainua mguu. Siku moja nilimuuliza kama kelele ile haimchoshi. Aliwaza kidogo. "Mama mukwe akisema, unajua kosa iko wapi," alinijibu. "Na akinyamaza, ni kusema ameridhika na nyumba. Miye napenda asikie muzuri na miye." Niliona ni maneno ya kuchekesha, nikayaandika kwenye daftari ili nimsomee Trésor. Daftari ninalo mpaka leo.

Jumamosi hizo ndizo ninazozikumbuka kuliko chuo chenyewe. Mama Georgette, mkewe, alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na alipika bukari, ugali wa kwetu, kwa namna ambayo sijaipata kwingine, laini katikati na ngumu kidogo pembeni, kwa mboga ya lengalenga na makayabu, samaki wa chumvi aliyelowekwa tangu jana yake. Hakutuacha tuguse mashine kabla ya kula. Tulikaa sebuleni kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kusuka, chini ya kalenda ya parokia, huku Papa Mwilambwe akitusimulia barabara: wapi lami imekatika, daraja gani lina polisi, dereva gani ana macho mabovu na hataki watu wajue. Aliniita Ingénieur, mhandisi, mbele ya kila mgeni, akitaja jina hilo kana kwamba alinizaa yeye. Nilipenda kuitwa hivyo kupita kiasi. Nikifikiri leo, naona nilipenda jina kuliko mtu aliyenipa, na ndipo mambo yalipoanzia kuharibika.

Ilikuwa mwanzo wa Julai, baridi ya kiangazi imetushika, nami nimekaa stoo na koti. Ofisi ya CT ilitengwa na stoo yetu kwa ubao mwembamba. Nilimsikia akiongea na mtu ambaye mpaka leo simjui. "Magari manne yako normal," alisema. "Banakimbia, banafunga breki, banakimbia tena. Lakini namba moya iko propre, iko safi sana. Haivuke tisini hata siku moya. Baprofesa ba jury batasema tulitunga." Yule mgeni akauliza kitu, CT akacheka. "Ni juu ya ile kengele. Batoto baliacha kengele ndani." Niliona aibu ikinipanda masikioni. Mchana alituita. Hakutugombeza, na ingekuwa heri atugombeze. Alitoa miwani, akaifuta taratibu. "Mutatosha ile kengele," alisema, yaani tuiondoe. "Na hamutamwambia." Trésor akauliza kwa nini tusimwambie. "Juu mukimwambia atajichunga. Halafu mutakuwa munapima adabu yake, hamupimi muntu mwenyewe. Munataka kudefandre memwari mwezi wa kumi ao mwaka wa kuya?" Tukatazamana. Nilisema, "Mwezi wa kumi, CT." Ni mimi niliyesema. Trésor alikuwa bado amefungua mdomo.

Jumamosi iliyofuata nilikula kidogo, Mama Georgette akaniuliza kama ninaumwa. Tulipotoka uani Papa Mwilambwe aligeuka na kutupa mgongo kama siku zote, akisimama na bakuli lake la chai akitazama ukuta. Niliinua kitenge, nikafungua skrubu mbili, nikaukata waya wa kengele kwa kikata kucha kidogo nilichokuwa nacho mkobani, nikazifunga ncha mbili kwa utepe mweusi wa gundi ili zisigusane. Kazi hiyo haikuchukua muda wa kumaliza chai. Trésor alisimama pembeni akishika kadi. Papa Mwilambwe akauliza, bila kugeuka, "Belle-mère iko muzima?" Nikamjibu, "Iko muzima, papa." Alishukuru. Alinishukuru, ndiyo, akasema Mungu aongeze akili yangu, na mimi nikaitikia amina.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, maana sikio lake lilikuwa bado na mazoea. Wiki ya pili mstari wake kwenye skrini ya CT ulianza kupanda. Alikuwa anakanyaga akingoja kusemeshwa, hasemeshwi, anaongeza kidogo, anangoja, anaongeza. Ukilinganisha karatasi za wiki kwa wiki unaona kabisa mtu anayepapasa gizani akitafuta ukuta ambao umehamishwa. CT alifurahi sana. Alibandika karatasi ukutani stoo, akasema, "Sasa huyu njo muntu mwenyewe." Nami nilifurahi pia. Sitaki kujifanya nilikuwa nalia usiku na mchana. Ilikuwa mistari mizuri, safi, na ilitoka katika kisanduku nilichokilehemu mimi. Lakini tulipoenda Jumamosi kusoma kadi, Papa Mwilambwe alikuwa anachangamka kuliko zamani. "Siku hizi Belle-mère ananipenda," alimwambia mkewe tukiwa mezani. "Mwezi muzima hakusema hata neno moya. Nimejua sasa kuendesha." Mama Georgette alimwongezea mboga, akatabasamu. Nilitazama sahani yangu.

Mwezi wa Agosti nilipanda basi lake kwenda Likasi, nikijidanganya kwamba nakwenda kukagua kisanduku. Alinipa kiti cha mbele, upande wa dirisha, kitenge kikinigusa goti. Ilikuwa asubuhi, majani makavu yanachomwa porini pande zote mbili, na moshi ulikuwa unavuka barabara kwa vipande, unaingia na kutoka. Tulipotoka kwenye mizani ya malori alianza kukanyaga. Nilikuwa na simu mkononi inayosoma mwendo, nikaishika chini, kati ya magoti. Namba zilipanda, zikavuka themanini, zikavuka tisini, na garini hakuna sauti ila upepo. Mtu mmoja nyuma alisema, "Papa, leo tunafika mbele ya saa." Papa Mwilambwe alikuwa anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini, mkono mmoja juu ya usukani. Tulipita lori, tukapita lingine, nyuso za watu waliokaa juu ya magunia nikaziona kwa kukatika. Namba ikasema mia moja na kumi. Nikasema, "Papa, punguza kidogo." Alinitazama kwa mshangao, halafu akacheka kwa upole. "Belle-mère ananyamaza, na weye njo unalalamika?" Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni mwangu: nimekata waya, papa. Matatu tu. Badala yake nikasema nina baridi, nikamwomba afunge dirisha la upande wake.

Niliporudi nilikwenda kwa CT, nikamwambia tuirudishe kengele kesho yake. Hakukataa. Alisema, "Wiki mbili tu, Ingénieur. Tunakosa tu ile sehemu ya milima." Na yeye aliniita Ingénieur siku ile, mara ya kwanza. Nikakubali wiki mbili. Usiniulize kwa nini sikwenda Katuba mwenyewe na chuma cha kulehemu. Nimejiuliza miaka hii yote na jibu ni dogo, la aibu: nilitaka mwezi wa kumi.

Ajali ilitokea siku ya kumi ya zile wiki mbili, mwanzo wa Septemba, saa nne asubuhi. Lori liliharibika njiani baada ya kilima, na dereva wake alifanya kama wanavyofanya wote huku: alikata matawi mabichi, akayapanga juu ya lami nyuma ya gari, rundo moja baada ya lingine, ili anayekuja ajue; basi la Papa Mwilambwe likaligonga kwa nyuma. Nilikwenda kuyaona. Yalikuwa bado pale, yamekauka. Nilihesabu hatua kutoka rundo la kwanza mpaka alama ya mafuta yaliyomwagika, nikahesabu tena. Matawi yaliwekwa mbali ya kutosha kwa gari linalokwenda themanini. Moshi ulikuwepo, watu wakasema ni moshi. Aliyekufa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa mbele, upande wa dirisha. Papa Mwilambwe alikatwa mguu wa kulia, ule wa kukanyagia.

Nilimtembelea hospitalini mara moja. Kitanda chake kilikuwa cha mwisho karibu na ukuta, Mama Georgette ameketi sakafuni na sufuria ya uji iliyofunikwa kwa sahani. Polisi mmoja alikuwa anaandika kwenye karatasi alizoziweka juu ya goti. "Sikukimbia," Papa Mwilambwe alikuwa anasema, sauti imekwisha. "Chef, miye sikukimbia. Belle-mère hakusema kitu. Niko na ka-machine, kanalia nikivuka. Hakakulia." Polisi akamtazama Mama Georgette kama mtu anayeuliza kama mgonjwa ana homa. Ndipo Papa Mwilambwe aliponiona mlangoni, na uso wake ukafunguka. "Ni huyu. Ingénieur mwenyewe aliniambia kako kazima. Muulize." Polisi akageuka. "Mademoiselle, ile kisanduku inalia?" Nilikuwa na kadi mfukoni mwa sketi. Trésor alikuwa ameichomoa asubuhi ile kwenye basi lililobondeka, akanipa. Nikasema, "Hapana. Inaandika tu." Lilikuwa neno la kweli, ukilipima siku ile. Polisi akaliandika. Papa Mwilambwe hakubishana nami. Alikunja uso kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, halafu akageukia ukuta.

Tulitetea mwezi wa kumi. Mstari wa mwisho wa basi namba moja uliwekwa kwenye kiambatisho, na mmoja wa jury aliusifu kwa usafi wake. Tulipata grande distinction, alama za juu. CT alitununulia soda. Mtaani Katuba, nilisikia kwa watu, walimwita Papa Mwilambwe "yule anayesingizia sanduku la sabuni", na familia ya yule mwalimu aliyekufa haikukubali kupokea salamu zake. Trésor alihamia Kolwezi. Mimi nikabaki, nikawa mwalimu wa ufundi, na kwa miaka yote hii sijatengeneza kitu chochote cha kupima mtu bila yeye kujua. Nilidhani hilo lilikuwa malipo. Ni rahisi sana kujilipisha adhabu ambayo hakuna mwingine anayeiona.

Basi nilikwenda matangani. Lango lilikuwa limepakwa kijani. Wanaume walikaa uani chini ya turubai, wengine wakicheza dama, na wanawake walikuwa sebuleni kwenye mikeka, makochi yametolewa nje. Kalenda ya parokia ilikuwa ya mwaka huu, mahali palepale. Mama Georgette alikuwa ameketi juu ya godoro, kichwa amefunga kitambaa cheusi. Nilipiga magoti mbele yake, nikatoa pole. Hakulia. "Ingénieur," alisema. "Nilijua utakuya." Akamwambia mwanamke wa pembeni amletee kitu kutoka chini ya kitanda, na kilipokuja nilikitambua kabla hakijafunuliwa, kwa kitenge chake. "Polisi balimurudishia na bintu yake. Alisema siku ukikuya, nikurudishie. Yee hakufungula hata siku moya. Alikuwa anasema mukwe hawezi."

Nilikishika. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyokumbuka. Aliniinamia, akashusha sauti. "Weye njo unajua hii mambo. Uniambie ile siku alikuwa anakimbia ao hapana. Niliishi na yee, nilimuamini, halafu bengine siku sikumuamini. Nataka nijue mbele bamuzike."

"Alikuwa anakimbia, mama," nikasema. Akafumba macho. Nikaongeza haraka, kabla woga haujanirudisha nilikozoea, "Lakini hakujua." Nilifungua zile skrubu mbili kwa ncha ya ufunguo wangu wa nyumba. Gundi ilikuwa imekauka, ikatoka yenyewe kama ganda la kidonda. Nikamwonyesha waya, ncha mbili zilizokatwa sawasawa.

Aliinama kuutazama. Wanawake walio karibu wakasogea kuona. "Nani alikata?"

"Ni miye."

"Mbele ya aksida ao nyuma?"

"Mbele. Wiki nyingi mbele. Alikuwa uani, alinipa mugongo. Aliniuliza, nikamwambia iko muzima."

Nilingoja anipige, na ningemshukuru. Mama Georgette alinyoosha kidole, akaugusa waya, ncha moja, kisha ya pili. "Kumbe alikuwa anasikia muzuri," alisema. Alilirudia kwa sauti ndogo, si kwangu, kwa mtu mwingine. Halafu akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Ulisema kwa polisi hailie. Ulisema mu masikio ya bantu. Sasa simama. Wende pale inje kwa bale banaume, usirudilie kwa miye. Sema na sauti, basikie bote, mbele bamutoshe mu nyumba."

Nilitoka na kisanduku mkononi, kikiwa wazi, waya ukining'inia. Wanaume wa dama waliinua macho. Nilisimama katikati yao. Nilisema jina langu, halafu nikasema nilichofanya.